Mama Alibakia mu Kaseti

Muke ya mutoto wangu wa tatu ametundika madiski mu shamba ya mahindi, nyuma ya nyumba. Alikuwa na kaduka ka mafilimu kule Musonoi, karibu na mashimo, na kale kaduka kalimulisha miaka. Sasa bachimbaji banaangalia kila kitu mu telefone, bamelala chali juu ya magunia, hakuna mwenye kununua diski tena. Kaduka kakafungwa. Gunia mbili za madiski zikabakia, akaona heri zimufukuzie ndege. Zinaning'inia ku nyuzi, zinazunguka na upepo, zinapiga mwanga mpaka mu dirisha yangu. Ndege zinakimbia kweli. Mi pia ninakimbia. Kila asubuhi ninavuta rido, pazia ya dirisha, na bajukuu yangu banacheka: "Nkambo anaogopa sawa ndege!"

Bacheke. Niko na bajukuu kumi na mumoja, bote bazima, bote bako na akili, mumoja anasomea udaktari kule Lubumbashi. Kama banataka kumucheka nkambo yabo, bacheke na meno yote. Mi shule niliacha mwaka wa ine, lakini kusoma najua na kuandika najua, na hii ninaiandika na mukono wangu mwenyewe. Ninabaandikia ninyi benye tulikomaa pamoja mu nyumba za kampuni kule Dilala, wakati king'ora ya zamu ilikuwa inatuamsha bote, mwenye kazi na mwenye kunyonya. Ninyi mutanielewa. Batoto ba leo ukibaambia kulikuwa diski kubwa sawa kifuniko ya sufuria ya ndoa, banaona uzee umenipanda mu kichwa.

Ilikuwa vile. Papa yangu, Tata Kasongo, alikuwa elektrisyen wa kampuni. Mukubwa wake, enjenyeri muzungu, alirudia kwabo, na vile hakutaka kubeba bitu, aligawia batu. Mupishi alipata kitanda. Mulinzi alipata baiskeli. Papa alipata televizyo na mashine ya diski, pamoja na diski saba. Alivileta ku kigari, saa sita ya muchana, amevaa kostimu ya misa siku ya kazi, na anatembea polepole kusudi hata nyumba za mwisho za avenue zipate wakati wa kutoka inje na kuona.

Kuanzia ile siku lupango yetu, kiwanja ya nyumba, ilikuwa sawa kanisa. Batu balikuwa banakuja na viti vyabo. Papa alitengeneza benchi mbili, na hakuna mwenye aliruhusiwa kugusa mashine, hata Mama. Diski zenyewe hazikuguswa na mukono wa mutu. Kila moja ilikaa mu kifuko ya plastiki ngumu, pana, nyembamba. Ulikuwa unasukuma kifuko mu kinywa ya mashine mpaka mwisho, halafu unaivuta, na kifuko inatoka tupu. Diski imebakia ndani. Mule ndani kulikuwa kashindano, sindano kadogo sawa ya fono ya muziki. Kashindano kakigusa diski, batu banatoka ku televizyo.

Sasa sikieni akili ya mutoto. Mi niliona kifuko inaingia nzito, inatoka nyepesi. Nikajiambia: batu balikuwa mu kifuko, mashine imebameza, sasa banatembea ndani yake. Filimu ikiisha, Papa anasukuma tena kifuko tupu, anaivuta, inatoka nzito. Batu bamerudi kulala. Mara mingi niliingiza pua mu kifuko tupu kunusa penye balikuwa banalala. Ilikuwa inanuka plastiki ya moto na kidogo sabuni, na nilijua ni sabuni ya bazungu.

Filimu moja ilikuwa na mwanamuke mwenye kuvaa robe nyekundu. Anapanda ngazi, anafika pa mulango, anafungua. Tuliicheza ile filimu sana mpaka diski ikachoka, na pale pa mulango ikaanza kuruka. Mwanamuke anafungua mulango, anarudi. Anafungua, anarudi. Haingie. Batu bakubwa balicheka, Papa alipiga mashine ku mbavu, filimu ikaendelea. Mi sikucheka. Niliona macho yake. Niliona ule mwanamuke anajua kama iko mu mutego, na anatuangalia kusudi tumusaidie. Nilikuwa naamka asubuhi na kumufikiria: iko pa mulango.

Halafu Tata Ilunga alienda upande wa Zambia na akarudi na mashine ya kaseti.

Tata Ilunga alikuwa jirani yetu ng'ambo ya avenue, fundi wa magari, mutu wa kelele na wa moyo. Alikuwa anakaa ku benchi yetu ya kwanza kila siku. Sasa akaweka mashine yake, na kaseti zilikuwa zinatoka kila pande: batu banaazimana, banabadilishana, leo hii, kesho ingine. Sisi tulikuwa na filimu saba, na zote zinaruka. Kwa wiki mbili tatu benchi zetu zikabakia na kuku juu. Bale balikuwa banamusalimia Papa kwa kumuvulia kofia, sasa banapita mbio banaangalia chini, kwa Ilunga filimu isianze bila bo.

Siku moja Tata Ilunga alimuita Papa toka ng'ambo, mbele ya batu:

"Kasongo, ndugu yangu! Zile sahani zako zingali zinaimba? Muambie mama apakulie bukari juu yake!"

"Ilunga," Papa akamujibu, "uliangalia filimu ku benchi yangu mpaka suruali ikatoboka ku matako. Leo unanicheka?"

"Sikucheke, nakuonea huruma. Mashine yako inajua kusema tu, haijue kusikia. Yangu ukiionyesha kitu, inakamata. Hata harusi ya mutoto wako inakamata. Tupa ile kitu, tata. Fanya hata banda ya kuku."

Batu bakacheka sana. Papa akaingia mu nyumba, na toka ile siku hakukanyaga kwa Ilunga, na sisi alitukataza kukanyaga. Aliandika barua kule Ulaya kwa enjenyeri kuomba diski zingine. Jibu ilichelewa, lakini ilifika. Papa aliisoma amesimama pa mulango ya lupango. Baadaye Mama alituambia yenye Papa alimusomea mule: pole, Kasongo, kiwanda imeacha kuzitengeneza, hata mi mwenyewe nimenunua ya kaseti. Papa aliikunja, akaiweka mu mufuko, akachukua kitambaa na kufuta mashine yake vumbi, sawa vile alikuwa anafanyaka kila siku ya mungu. 

Mama yangu alikuwa anasoma ku foyer. Munakumbuka foyer: ile shule ya kampuni kwa bake ba bafanyakazi, kushona, kupika, kulea batoto. Mama hakujua kusoma barua, lakini shindano mu mukono yake ilikuwa inaongea. Ule mwaka alitoka wa kwanza na kitambaa ya meza yenye alidarizi maua pembeni zote. Ma soeur, mutawa mwenye kuongoza foyer, alikuwa na mashine ya kukamata picha za kutembea. Siku ya maonyesho alikamata meza zote, bamama bote, na kaseti moja akamupatia Mama, zawadi ya wa kwanza. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Alirudi nyumbani amebeba ile kaseti ku kifua, chini ya kitenge, sawa yai.

"Papa ya Mwadi," akamuambia Papa, "twende kwa Tata Ilunga. Dakika kumi tu. Nijione."

"Mu hii nyumba kuko televizyo."

"Televizyo iko. Lakini kaseti haiingie."

"Nitapata akili ya kuiingiza. Mi ni elektrisyen."

"Basi fanya mbio," Mama akasema na kucheka. "Hii tumbo haingojake elektrisyen."

Hata siku moja hakuenda. Kaseti ilikaa mu sanduku, chini ya nguo zake. Mara mingi nilimuona anaitoa, anaigeuza mu mukono, anaangalia kale kadirisha kake, sawa angeweza kujiona mule ndani bila mashine. Alienda maternité mbele ya mwezi kutimia. Mutoto alirudi. Yeye hakurudi.

Ule mutoto ni Kalenga, ndugu yangu. Mi nilikuwa na miaka kumi.

Shangazi Kapinga, dada ya Papa, alikuja toka Sandoa, na ni yeye aliongoza kilio. Kwa batu ba kwetu, kilio ikiwa mu nyumba, hakuna muziki, hakuna kitu ya kuchezesha batu. Alifunika televizyo na mashine pamoja na kitenge ya Mama, ile ya rangi ya mayai, akafunga fundo mbili. Hakuna kufungua mpaka ndugu bote barudi siku ya kutoa kilio, kumaliza matanga. Hata picha ya Mama aliigeuza uso ku ukuta. Picha ilikuwa moja tu, ya kadi ya foyer, na mule Mama amekaza uso sawa amekamatwa na polisi. Ukiangalia ile picha, haungejua kama ule ni mwanamuke wa kucheka.

Na mi nikaanza kumusahau. Hii sijaambia mutu. Wiki ya kwanza nilikuwa na yeye yote mu kichwa. Wiki ya pili nikatafuta sauti yake, nikakuta inakuja na sauti ya mama jirani. Wiki ya tatu nikatafuta namna alikuwa anatembea, nikaona robe nyekundu inapanda ngazi. Niliogopa.

Halafu shangazi akasema anarudia Sandoa na Kalenga siku ya posho, Jumamosi, kwa sababu binti yake ananyonyesha na maziwa itatosha babili. Kutoa kilio ilikuwa ingali mbali. Nikafanya hesabu ya mutoto: Kalenga ataenda televizyo ingali haijafunguliwa. Ataenda bila kuona mama yake hata mara moja. Mi ninamusahau na nilikaa naye miaka kumi. Yeye atamujua na nini?

Nikamuendea Papa. "Kalenga amuone Mama kwanza, halafu aende."

"Mutoto wa wiki tatu haone kitu, Mwadi."

"Twende kwa Tata Ilunga."

"Kilio ikiisha tutaenda. Nimesema."

Shangazi akanivuta ku kifua yake. "Acha kulia. Mama yenu hajapotea. Anabakia mu kaseti. Kalenga akikomaa, atamukuta mule."

Alitaka kunipoza roho. Lakini mi nilisikia kazi ya kufanya. Mama iko mu kaseti, na mashine yetu inajua kutoa batu mu kifuko na kubatembeza. Yenye ilikosekana ni kumuhamisha tu. Papa alisema atapata akili, na hakuipata. Mi niliipata.

Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa, muchana. Papa iko ku kazi, shangazi ameenda ku robine ya maji kufua nguo za mutoto. Nilimufunga Kalenga ku mugongo. Nikafungua fundo mbili za kitenge, sawa naiba ku altare ya kanisa. Nikatoa kaseti mu sanduku. Nilijaribu kuisukuma mu kinywa ya mashine, ikakataa, ilikuwa nene. Nikaigeuza. Nikakuta kale kamulango kake ka mbele, nikakainua, na chini yake nikaona utepe, mweusi, unang'aa, laini sawa nywele ya muzungu. Nikasema: huyu hapa.

Nikavuta. Nikavuta tena. Hakukuwa na mwisho. Mama alijaa mu mapaja yangu, akamwagika ku sakafu ya sima, na nilikuwa namuambia pole, pole, karibu tunamaliza. Papa alinionyeshaka namna ya kubonyeza kifuko ku pembeni ifunguke. Nilifungua ile ya mwanamuke wa robe nyekundu kwa sababu njo ilikuwa ya juu. Nikapanga utepe juu ya diski, nikaukunja polepole, mukunjo juu ya mukunjo, sawa vile Mama alinifundisha kukunja shuka. Nikasukuma kifuko mu mashine. Nikaivuta. Ikatoka tupu.

Sijapata furaha sawa ile hata siku ya ndoa yangu. Mashine imemukubali! Nikamutoa Kalenga ku mugongo, nikamugeuza uso ku televizyo, nikakamata kichwa yake na mukono miwili.

"Angalia. Anakuja."

Mashine ikanguruma. Ku televizyo ikatoka ngazi, halafu ule mwanamuke, amekatika mu mistari. Akafika pa mulango. Akafungua. Na mi nilijua, kwa roho yangu yote, kama safari hii nyuma ya mulango kutatoka Mama. Akarudi. Akafungua. Akarudi. Mashine ikaanza kulia ndani, sauti ya kitambaa yenye kupasuka, na harufu ya kuungua ikanipiga pua. Televizyo ikawa nyeupe, ikawa nyeusi. Kalenga akalia.

Papa alinikuta pale. Sijui nilikaa wakati gani. Mutoto ku mapaja, kapande ka utepe mu mukono, kengine kananing'inia mu kinywa ya mashine sawa utumbo ya kuku. Nilikuwa nimeshamukata Mama. Hivyo njo nilielewa: alikufa mara moja ku maternité, mara ya pili hapa, na ya pili ni mi. Papa aliangalia mashine. Aliangalia kaseti tupu. Akainama, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, akachukua kale kapande.

Shangazi akaingia na beseni ku kichwa, bamama babili ba jirani nyuma yake.

"Yesu! Nani amefungua kilio?"

Nilifungua kinywa. Papa akasimama mbele yangu.

"Ni mi."

"Wewe?" shangazi akasema. "Wewe elektrisyen, unalisha kaseti mu mashine ya diski?"

"Nilitaka kujaribu."

"Kujaribu! Mu kilio ya muke wako! Kasongo, uko na pepo?"

Mama mumoja wa jirani alifunika kinywa, lakini kicheko kilimutoka ku pua. Papa alimuacha acheke. Ule mwanaume mwenye alitembeza kigari polepole kusudi avenue yote imuone, alisimama pale na salopette yake ya kazi, imejaa mafuta, akabeba ujinga yangu ku kichwa yake, na hakuniangalia hata kidogo, kusudi batu basifuate macho yake.

Halafu akaniambia: "Leta beseni."

Alifungua mashine na turnevisi, bisibisi yake ya kazi. Tuliutoa utepe pamoja, sentimetri kwa sentimetri, mwingine umejifunga ku kashindano, mwingine umekunjamana sawa majani ya kukauka. Tuliuweka mu beseni, tukafunika na kitenge ya Mama, na Papa akavuka avenue, jua ingali juu, batu bote ku milango. Hakukuwa amevuka toka siku ya yale maneno.

"Hodi."

Tata Ilunga akatoka na kinywa yake ya mizaha. "Kasongo! Unaniletea majani ya sombe?"

Papa akainua kitenge. Tata Ilunga aliangalia beseni, halafu aliangalia kitenge, na akaijua. Bote balimujua Mama na ile kitenge. Mizaha ikakauka ku uso yake. Akapokea beseni na mukono miwili.

"Ndugu, hii siwezi kukuahidi kitu."

"Mutoto anaenda kesho asubuhi," Papa akasema. "Fanya yenye unaweza."

Sijui kama alilala. Asubuhi alituita, lori ya Sandoa ingali haijapakia. Tulikaa ku benchi yake: Papa, shangazi, mi na Kalenga ku mapaja. Shangazi alikuwa na kasirani ya kilio yenye imefunguliwa, lakini alikuja. Tata Ilunga alisema aliunga na makasi na kole ya kubandika, pande mingi alitupa, hazikufaa. Akabonyeza.

Kwanza mvua, ile mistari nyeupe ya televizyo. Halafu meza, vitambaa, mukono ya ma soeur unaonyesha. Mvua. Halafu kitambaa ya maua, na juu ya maua mukono ya Mama inanyoosha mikunjo, na tumbo yake kubwa inagusa meza. Kalenga iko mule ndani, nikafikiri. Picha ikaanza kupanda: mikono, kifua, mukufu, shingo. Kidevu. Kidevu yake ikasogea, alikuwa anasema neno. Mvua. Halafu bamama banapiga mikono, na yeye hayuko kati yabo.

Basi. Mu wakati kidogo sawa wa kufunga kitenge vizuri, Mama alikwisha kupita.

"Rudisha," Papa akasema.

Tata Ilunga akarudisha. Ilifika ku mukufu, ikakatika, na safari hii hata yeye hakuweza kuiunga. Niliangalia Kalenga. Alikuwa analala toka mwanzo, kinywa wazi. Inje lori ikapiga honi.

Papa alibakia na jina. Mulisha-Kaseti. Bamama bale babili balifika nyumbani mbele ya moshi, na wiki ingine hata ku kazi bamuita vile: elektrisyen mwenye alilisha kaseti mu mashine ya diski na kufungua kilio ya muke wake. Batoto balimuimbia mu njia. Aliitika. "Tata Mulisha-Kaseti!" "Eee, bonjour." Alikuwa mutu wa kiburi, na mi najua kiburi ni nini kwa sababu aliniachia yake yote, na kila siku, mpaka miguu ikamukatalia kutembea, aliitika. Mi hakunipiga. Hakunikumbusha. Mara moja tu, siku ya ndoa yangu, alinikamata mukono na kusema, "Haukuwa na ubaya," na nilijifanya sijui anasema juu ya nini. Sikumushukuru. Alikufa sijamushukuru, na ku kilio yake batu bazee balirudilia ile hadisi na kucheka mpaka mashozi, na mi niligawa chai.

Kalenga alirudi kwetu na miaka kumi na mbili. Leo ni mutu mukubwa, mwalimu, iko na mvi na bajukuu yake. Ile hadisi ya Papa aliipenda kupita zote. Ni yeye anaisimulia muzuri, anaigiza sauti ya shangazi, anaigiza Papa anasukuma kaseti na kichwa. Mwezi yenye imepita alikuja kutusalimia. Bajukuu bakamuzunguka, na mumoja akauliza kwa nini nkambo anaogopa madiski. Kalenga akacheka, akaanza: "Sikieni, papa yetu, na ile ujinga yake ya kaseti..."

Nikasema: "Ni mi."

"Ni wewe nini, yaya?" Vile njo ananiita, mi dada yake mukubwa.

"Kaseti. Ni mi niliiingiza. Papa alinifunika. Wewe ulikuwa ku mugongo yangu. Nilitaka umuone mbele ya kwenda Sandoa."

 Ndugu yangu aliweka kikombe chini. Nilingoja akasirike, kukasirika ningeweza kujibu. Aliangalia mikono yake.

"Tulimucheka Papa bure," akasema.

"Bure."

"Miaka yote hii." Halafu akainua kichwa, na uso yake haukuwa ya mwalimu, haukuwa ya muzee. "Yaya, siku ma soeur alikamata zile picha, wewe ulikuwa kule ku foyer?"

"Nilikuwa."

"Basi uliona. Ile pande yenye ilipotea. Uso yake. Alifanya nini? Alicheka?"

Ningeweza kumudanganya. Mambo mingi ya Mama nimemuambia ni ya kupamba, na anazibeba mpaka leo sawa mali. Ingekuwa rahisi: alicheka, aliangalia juu, alikuwa muzuri. Lakini nilikuwa nimeshafungua kinywa.

"Sijui. Mi nilikuwa nasimama mbele ya ma soeur, naangalia mashine yake. Nilitaka kujua penye batu banaingilia. Mama alikuwa nyuma yangu."

"Hata mara moja haukugeuka?"

"Aliniita," nikamuambia. "Lile neno kidevu yake ilikuwa inasema, ni jina yangu. Nilisikia. Aliniita mara mbili. Sikugeuka."